Injini kuukuu au injini kongwe?

SWALI: Mimi ni fundi wa malori Changamwe, Mombasa. Tuko vijana kadhaa tunaopenda injini za dizeli za zamani, zile nzito za silinda sita, nane, hata kumi, na sasa tunaunda kikundi. Mwenzetu ameandika bango, "Wapenzi wa Injini Kuukuu". Mzee wetu wa gereji alipolisoma akasema tumezitukana. Je, ni kuukuu, kongwe au za kale? Na mtu akiulizwa ukubwa wa injini, ahesabu silinda au pistoni?

JIBU: Mzee wenu ana sikio zuri, ndugu yangu fundi, ingawa neno tusi ni zito kidogo. Kuukuu linaeleza hali ya kitu kilichotumika kikachakaa. Miaka haihesabiwi hapo. Kanga inayofuliwa kila siku huwa kuukuu upesi, ikaishia kupangusia sakafu. Injini ya miaka mitano ambayo ringi, zile pete za pistoni, zimelika, inakula oili na kutoa moshi wa samawati, hiyo ni kuukuu hata kama nambari ya gari ni ya juzi. Wala kitu kikuukuu si lazima kidharauliwe. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, mbachao ni mbacha wako, yaani mkeka wako mkuukuu, na ndio wanaokuhimiza uushike. Lakini uchakavu umo ndani ya neno, huwezi kuutoa.

Kongwe ni jambo jingine. Kitu kikongwe kimekula miaka mingi na bado kimesimama, na anayekitaja hivyo anakipa heshima. Ndiyo maana tunasema mwanasiasa mkongwe au timu kongwe. Ukimwita mwanasiasa huyohuyo mkuukuu, jiandae kwa ugomvi.

Kuhusu kale, mfano mnao mlangoni. Mombasa tuna Mji wa Kale, wenzetu wa Unguja wana Mji Mkongwe. Yote miwili ni mitaa ya vichochoro na milango ya nakshi, ila majina yanatazama pande mbili. Kale inataja zama: huu ni mji wa enzi zile. Mkongwe inautaja mji wenyewe na umri wake. Tazama pia Bandari ya Kale, pale majahazi yanapotia nanga. Jina limekaa sawa kabisa, kwa sababu enzi yake ya kuwa bandari kuu ilipita shughuli zilipohamia Kilindini.

Sasa tuzipime injini zenu. Gardner 6LX ya Uingereza ilitoka 1958: silinda sita kwa mstari mmoja, ujazo wa lita 10.45, nguvu za farasi 150 kwa mizunguko 1,700 tu kwa dakika. Pampu yake ya dizeli ina vijiti vidogo vya kusukuma mafuta kwa mkono, kila silinda na chake. Fundi anavibonyeza kimoja kimoja kabla ya kuwasha, na kidole chake kinamwambia silinda ipi haijapata mafuta. Hakuna kompyuta ya kuulizwa. Nadhani hapo ndipo mapenzi yenu yalipo, na ikiwa injini kama hiyo bado inaunguruma, kuiita kuukuu ni kuisingizia. Hali kadhalika V8 ya Scania ya 1969, yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, lita 14 na nguvu za farasi 350. Ikitunzwa, ni kongwe. Ikiwa imetupwa nyuma ya gereji, imeota kutu na pistoni zimeganda, hapo semeni kuukuu bila kuionea. "Injini za kale" si kosa, ila linafaa zaidi mkizungumzia aina ambazo zama zake zimekwisha.

Hesabuni silinda. Kwa kawaida kila silinda, yaani tundu ambamo mafuta huwaka, ina pistoni moja inayopanda na kushuka ndani yake, lakini pistoni zinaweza kuwadanganya. Malori ya Commer ya Uingereza yalitumia injini ya TS3, iliyotoka 1954, yenye silinda tatu na pistoni sita: katika kila silinda pistoni mbili zinatazamana na moto unawaka katikati yao. Anayehesabu pistoni atadhani ni injini ya silinda sita.

Jambo moja la sarufi kabla hamjampa mchoraji rangi. Kongwe na kuukuu ni vivumishi vinavyochukua viambishi vya ngeli. Injini haionyeshi kitu, iwe moja au mia: injini kongwe. Lakini mtambo mkongwe, mitambo mikongwe. Chombo kikongwe, vyombo vikongwe. Lori kongwe, malori makongwe. "Malori kongwe" ninalisoma magazetini karibu kila wiki na linaniuma kila mara. Basi bango liandikwe "Wapenzi wa Injini Kongwe", na mkiwaingiza wenye magari yao, ongezeni chini yake "na Malori Makongwe".