Reli Zikishika Kutu, Usikimbilie Stilwaya

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba magari yake ya sloti, yaani vile vigari vya kuchezea vinavyokimbia kwa umeme wa reli mbili za chuma kandokando ya mfuo wa barabara ya plastiki, hukimbia vizuri karibu na transfoma, lakini yakifika kona ya mbali hukokota kama mkokoteni wa mkaa. Nilitabasamu, kwani maradhi hayo yalinitesa mimi miezi minne mizima.

Seti yangu ya magari hayo ni ya chapa ya Scalextric, niliyoinunua ikiwa imetumika, hapa hapa Uingereza, ambako mvumbuzi wa chapa hiyo, Fred Francis, aliionesha kwa mara ya kwanza mjini Harrogate mwaka 1957. Niliitandika gerejini, na majira ya baridi mamoja tu yakatosha kuzipaka reli rangi ya tangawizi. Nikachukua stilwaya ya sufuria, nikasugua mpaka zikang'aa, nikajiona fundi. Mzunguko wa tatu, gari jekundu likaanza kunuka moshi: vijinyuzi vya chuma vilikuwa vimenaswa na sumaku ya mota, vimeota ndani yake kama ndevu. Fundi niliyempelekea, ambaye simtaji, alinitoza pauni 30, akanirudishia gari likiwa bovu vilevile, kisha akaniuliza kama mtu wa umri wangu hana shughuli nyingine. Pauni nimezisamehe, swali lile bado.

Basi nikajifunza mwenyewe. Reli husuguliwa taratibu kwa kifutio kigumu, kisha hupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, wala si maji. Vile visuka viwili vya shaba chini ya gari, ambavyo ndivyo vinavyogusa reli na kuchukua umeme, vichambue kwa kucha na uvitanue kila vinapolala. Na barabara yenyewe iondoe gerejini. Mimi nimeihamishia chumba cha juu.

Ama kona ya mbali, ndugu msomaji, usinunue transfoma nyingine kama nilivyofanya mimi kwa ujinga. Kila mahali kipande kinapoungana na kipande umeme hupungua kidogo, na barabara yangu ina vipande 46. Nilibana kwa koleo jembamba ncha zote zilizolegea, halafu nikapitisha chini ya barabara waya nne, mbili kwa kila mfuo, kutoka karibu na transfoma hadi upande wa pili, nikazilehemu upesi upesi ili plastiki isiyeyuke. Hakikisha kila waya unaunga reli ile ile ulikotoka, kwani ukizichanganya umepiga shoti. Tatizo letu ni pupa: tunataka mbio, lakini kupiga magoti chini ya meza na kukagua kiungo kimoja kimoja tunaona ni kazi ya watu wengine, kisha tunalaumu kiwanda.

Gari jekundu nimelitia mota mpya, na sasa linamaliza mzunguko kwa sekunde 7, kona ya mbali ikiwemo. Risiti ya pauni 30 nimeibandika ukutani, juu ya transfoma.