Bei ya wastani si wastani wa bei

SWALI: Taarifa niliyopewa na dalali wangu wa hisa imeandikwa "bei ya wastani yenye uzito wa ujazo". Ujazo wa nini? Na hicho ni Kiswahili? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Maneno yote manne ni ya Kiswahili, ndugu yangu. Yakikaa pamoja ndipo yanapogombana.

Ujazo tuumalize haraka. Ujazo ni wa ndoo, debe na tangi la maji. Hisa hazijazi kitu. Huuzwa kwa idadi. "Kiasi cha mauzo" kingetosha.

Linalonichefua ni "bei ya wastani", ambayo siku hizi hata wahariri wanaimeza bila kutafuna. Tangazo la vyumba vya kupanga Sakina, Arusha, likisema "bei ya wastani", mpangaji anaelewa: si ghali, wala si ya kutupa. Hapo wastani ni sifa, na ndiyo maana yake tangu ulipotoka kwenye Kiarabu: kati na kati. Wastani wa bei ni hesabu, na yaweza kuwa namba ambayo hakuna aliyeilipa.

Hamwamini? Twende soko la Kilombero, huko huko Arusha, kwenye maharage, na tutakaa nayo mpaka yaive. Asubuhi muuzaji anauza kilo 10 kwa shilingi 3,000 kila kilo. Mchana kilo 20 kwa 2,800. Jioni anataka kufunga, anamwachia mama lishe kilo 170 kwa 2,400. Ukijumlisha bei tatu na kugawa kwa tatu unapata 2,733. Namba nzuri, na ya uongo, kwa sababu kilo 10 za asubuhi zimepewa sauti sawa na 170 za jioni. Zidisha kila bei kwa kilo zake: 30,000, 56,000 na 408,000. Jumla ni 494,000. Gawa kwa kilo 200: 2,470. Huo ndio wastani anaousema dalali wako, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyelipa 2,470. Sasa niambieni hiyo ni "bei" ya nani!

Kesho yake zikiuzwa kilo 50 kwa 2,900, kuna watakaojumlisha 2,470 na 2,900 na kugawa kwa mbili, watangaze 2,685. Wamerudia kosa lile lile. Jumlisha fedha zote, 639,000, ugawe kwa kilo 250: ni 2,556.

Kwenye hisa hesabu haibadiliki. Huhesabiwa mauzo yaliyokamilika tu, si maagizo ya kununua au kuuza yanayosubiri, na kwa kawaida huanza upya kila siku ya soko. Kadiri siku inavyokwenda namba huwa nzito kusogea. Ila muamala mmoja mkubwa unaweza kuivuta peke yake. Dalali aliyekununulia hisa nyingi chini ya wastani huo amekutendea haki. Aliyenunua juu yake, mwulize.

(Na wale wa "wastani wa kati ya 2,400 na 3,000": wastani ni namba moja. Hayo mawili ni mipaka.)

Basi mwandikie dalali aweke "wastani wa bei kwa uzito wa mauzo". Akipenda "uzani" badala ya "uzito", mwacheni, simkatazi. Ujazo aurudishe kwenye ndoo.