Dawa hutoka udongoni, lakini udongo haupakwi kidonda

Kila zinapoenea habari za antibiotiki mpya iliyopatikana udongoni, wateja hunijia kwenye dirisha la duka la dawa ninakofanya kazi wakiuliza inauzwaje, na wengine, jambo linalonitia hofu zaidi, wakitaka kujua kama udongo wenyewe utaponya kidonda kisichosikia dawa. Tafadhali usiupake. Udongo huohuo hubeba pia vimelea vya pepopunda, navyo hustawi katika kidonda kirefu kisichopata hewa.

Isitoshe, dawa zenye asili ya udongo tumezitumia miaka mingi. Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943 katika maabara ya mtafiti Selman Waksman huko New Jersey, Marekani. Na rifampisini, ambayo hugeuza mkojo wa mgonjwa wa kifua kikuu kuwa wa rangi ya machungwa, asili yake ni bakteria wa udongo wa kusini mwa Ufaransa.

Kilicho kipya ni mbinu. Kwa kuwa bakteria wengi wa udongoni hukataa kuota maabara, watafiti wa Boston walitengeneza kifaa chenye vitundu vidogo sana, kila kitundu kikikusudiwa bakteria mmoja, wakakifunika kwa utando unaopitisha virutubisho, kisha wakakizika udongoni. Ndivyo ilivyopatikana teixobaktini, iliyotangazwa mwaka 2015, ambayo hunasa mafuta yanayotumika kujenga ukuta wa bakteria, na kwa sababu hiyo bakteria hupata shida kuizoea. Hata hivyo, haiwawezi bakteria wenye utando wa nje, akiwemo E. koli, msababishi mkuu wa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na madukani haijafika.

Kwa hiyo mwenye UTI inayojirudia asiisubiri, wala asiniombe nimbadilishie antibiotiki kwa kubahatisha. Omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kwa maana ukishameza, kipimo kinaweza kisioteshe chochote ilhali ugonjwa upo. Kwenye karatasi ya majibu utaona majina ya dawa, mbele yake herufi S kwa dawa inayomdhibiti bakteria wako na R kwa ile aliyokwisha kuwa sugu kwayo; njoo nayo dukani pamoja na cheti cha daktari. Majibu huchukua siku mbili au tatu hivi, lakini ukiwa na homa au maumivu ya ubavuni nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani daktari anaweza kukuanzishia dawa na kuibadilisha majibu yakitoka.