Muulize Nahodha: Wageni wanalowa kifua, boti inalala mchangani

SWALI
Shikamoo Nahodha. Nimenunua boti ya faiba ya mita 7 na mashine ya farasi 40. Nachukua wageni Kendwa, mchana nawapeleka kisiwa cha Mnemba kuogelea, jioni kutazama jua likizama. Tabu yangu ni kuwapandisha. Nikitia nanga karibu na ufuo alfajiri, wageni wakija saa 4 naikuta boti imelala ubavu. Nikitia nanga mbali, wanalowa mpaka kifuani. Juzi mama mmoja mtu mzima aliteleza, mkoba ukaingia maji na simu yake ndani. Kijana wangu anashauri tujaze zege kwenye tairi la gari, tulitose, boti tuifunge hapo moja kwa moja. Nifanyeje?
Mwenye Boti Mpya, Kendwa

JIBU
Marahaba mwanangu, na hongera ya chombo.

Wewe umeniuliza habari ya nanga, mimi nitaanza na habari ya mwezi. Hukusema ilikuwa siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, lakini nakisia: ama mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tatu nyuma, ama ulikuwa mpevu. Kwetu Unguja bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, lina saa zake. Maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Wewe umetia nanga alfajiri maji yamefurika, ukaenda kuswali, ukanywa chai na mandazi yako, na wageni umewaambia saa 4. Saa hiyo bahari imeshakwenda zake.

Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka, saa 4 asubuhi ndiyo yamejaa, tena ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Boti inakaa pale pale ulipoitia, wageni wanapanda kwa raha, nawe unajiona umeshakuwa fundi. Wiki ya pili umelala mchangani tena.

Sasa hesabu kidogo, usichoke. Bamvua kubwa la kwetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji mafu ni mita moja na kitu. Na hayashuki kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua la mita 3.6, maana linagawanyika vizuri. Saa ya kwanza baada ya kujaa yanashuka sentimita 30 tu, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Zile saa mbili za katikati ndizo zinazowaumbua watu. Boti kama yako, mashine ikiwa imenyanyuliwa, inaelea kwenye sentimita 40 hivi. Ukiiacha kwenye maji ya mapajani, tuseme sentimita 70, saa hizo za katikati una dakika 20 tu kabla haijagusa. Mgeni mmoja akisahau miwani yake chumbani, umekwisha.

Mimi hili nililijua kwa aibu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, naendesha boti ya mtu, mashine ya farasi 25. Nina wageni sita, nikawaambia nisubirini kidogo, nakwenda kuchukua barafu. Barafu ikachelewa, na mimi nikapiga soga na muuzaji. Niliporudi boti ilikuwa imeegemea ubavu wa kushoto, maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti, yote yamekwenda upande huo na ndala moja inaelea ndani yake. Kaa mdogo mweupe alikuwa anachimba shimo lake chini ya mkuku, kama vile boti imeletwa kumtia kivuli. Nikashika shetri, nyuma ya boti, nikasukuma. Wageni nao wakaja kusukuma. Ilikuwa kama kusukuma msikiti. Tulikwama saa 2 na nusu, tukaelea saa 5 na nusu, na nanasi zote za Mnemba zililiwa pale pale ufukweni. Mwenye boti hakunigombeza, ila siku ile hakunilipa.

Kwa hiyo usitafute mahali pa kuiweka boti ikae. Mahali hapo hapapo, maana ufuo wenyewe unahama. Iache boti kwenye maji ya kutosha, uivute kwa kamba watu wanapokuja, na uirudishe nje wakishapanda. Kazi hiyo inataka nanga moja baharini, kamba moja ya nyuma, na kijana mmoja asiyeshika simu.

Nanga kwanza. Wengi wetu tuna ile ya makucha manne iliyochomelewa kwa nondo. Kwenye mwamba inashika vizuri, lakini kwenye mchanga wa Kendwa inachora mistari tu kama kuku anayeparura. Tafuta nanga ya mabapa mawili yanayokunjika. Kilo 7 au 8 zinatosha boti yako, kwa sababu yenyewe inajizika. Ifunge mnyororo wa mita 4 au 5, ndipo uunge kamba. Mnyororo unalala chini na kuifanya nanga ivutwe kwa ubapa. Bila mnyororo, kila wimbi linainyanyua kidogo kidogo mpaka inang'oka. Kamba iwe ya nailoni, inayozama na kunyumbuka. Ile ya plastiki ya buluu ni rahisi, lakini inaelea juu ya maji, na siku moja itajizungusha kwenye propela mbele ya wageni.

Urefu wa kamba usiupimie maji unayoyaona. Ukitia nanga penye maji ya mita 1.5 wakati wa kupwa, bamvua likijaa hapo patakuwa na mita 5 na zaidi, ongeza mita moja kutoka usawa wa maji hadi kwenye omo, yaani mbele ya boti. Ni mita 6 na kitu. Zidisha mara tano, unapata kama mita 32. Wanaotoa mita 10 kwa sababu “maji ni madogo hapa” ndio wanaokuja kuniuliza jioni kama nimeona boti inapita. Kusi inapovuma, Kendwa upepo unatoka nchi kavu, na boti iliyong'oa nanga hairudi ufukweni. Inaelekea bara bila nahodha.

Sasa kupandisha watu. Njoo polepole, na ukiwa umebakiza kama mita 35 kufika penye maji ya mapajani, geuza omo litazame baharini. Teremsha nanga, usiirushe. Rudi nyuma taratibu huku kijana anatoa kamba kwa mkono, akipita mita 20 aifunge kidogo muone kama nanga imeuma. Mkono ukiwekwa juu ya kamba unasikia: nanga iliyoshika inaivuta kamba imara, nanga inayoburura inatetema kama gari kwenye barabara ya mawe. Ikiburura, ing'oeni mwanze upya. Kuongeza maneno hakusaidii. Ikishika, endeleeni kurudi. Zima mashine, toa ile kamba ya kuzimia mashine uitie mfukoni mwako, nyanyua mashine. Kijana anaruka na kamba ya shetri, anaifunga kwenye nguzo au kwenye nanga ndogo iliyozikwa mchangani. Hapo boti imeshikwa mbele na nyuma, na kwa kulegeza hii na kukaza ile unaipeleka popote. Maji yakipungua sentimita 20 unaivuta nje mita chache, na huna haja ya kuwasha kitu.

Wengine wanapenda kuingiza omo ufukweni kwa kuwa watu wanaruka moja kwa moja mchangani. Bahari ikiwa shwari sana, sawa. Lakini faiba zetu zina shetri fupi, na mawimbi yakija kwa nyuma, matatu yanatosha kujaza boti. Msimu wa kaskazi hutokea mawimbi yakazunguka Ras Nungwi yakafika huko hata kama upepo hamuuoni. Mimi omo langu linatazama baharini siku zote.

Habari ya mashine na wageni naisema mara mbili: mtu yeyote asisogee nyuma ya boti mashine inapounguruma, hata ikiwa haijaingizwa gea. Na ngazi ikiwa shetri, lazima kwanza uione ile kamba ya kuzimia iko mfukoni. Tena asisimame mtu kati ya boti na ufuo. Boti yenye watu ina uzito wa tani na zaidi, na wimbi dogo tu linaipeleka kwenye magoti ya mtu. Wote wasimame ubavuni, wanapanda mmoja mmoja. Ngazi iwe na vipandio viwili chini ya maji; ngazi inayoishia juu ya maji ni ya kupambia tu. Mikoba ipande kwanza, mikononi mwa kijana, kisha wenyewe. Yule mama ungemtanguliza mkoba, leo angekuwa na simu yake na wewe ungekuwa na bahashishi yako.

Wakishapanda, legeza kamba ya shetri, vuteni kamba ya omo kwa mikono mpaka kwenye maji ya kifua, hapo ndipo teremsha mashine na uwashe. Wageni wanapenda sana hii, wanaomba kuvuta na wao. Waache.

Ukitaka mtambo wa kudumu, kuna kamba ya mzunguko. Unatosa uzito nje kabisa ya ukomo wa maji ya kupwa, juu yake boya lenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, kamba inapita kwenye kapi na kurudi kwenye nguzo ufukweni, imeungwa kama kamba ya kuanikia nguo isiyo na mwisho. Boti inafungwa kwenye kamba. Ukivuta upande huu inakuja, ukivuta ule inakwenda. Pima mwenyewe siku ya bamvua, kutoka maji yanapokomea yakijaa hadi yanapokomea yakipwa. Ukipata mita 70, ongeza 20 za usalama, zidisha mara mbili: kamba mita 180. Si bei ndogo. Na Kendwa watu wanaogelea kila mahali, kamba iliyokatiza ufuo itamkwaa mtoto wa mtu. Kabla hujaiweka zungumza na sheha na wavuvi wa hapo, itie maboya madogo, na usiku itoe ufukweni.

Kuhusu tairi la kijana wako. Zege likiingia majini linapoteza uzito, kama mafungu mawili katika matano. Tairi la kilo 100 likiwa chini linabaki na kama 60, na linalala juu ya mchanga bila kushika chochote. Kwa kusubiri wageni mchana wa shwari, haya. Kwa usiku, hapana. Bloku ya injini ya lori ni bora, chuma kinapoteza fungu moja tu katika saba. Ioshe mafuta yote kwanza, kisha izikeni mchangani. Hata hivyo ile nanga yako ya kilo 8 ikijizika vizuri itashinda tairi hilo.

Na siku za bamvua waambie wageni saa 2, si saa 4. Maji yatakuwa bado yanashuka, ila yapo. Wakikataa kuamka, kodi ngalawa iwatoe mpaka kwenye boti. Wanaipiga picha ngalawa kuliko boti yako, usione vibaya.

SWALI
Mzee, sisi huku Ukerewe ziwa halijai wala halipwi. Boti yangu ya mbao ya mita 5 naifunga ufukweni, mchana mawimbi yanaigonga kwenye mawe. Kuna njia?
Msomaji, Ukerewe

JIBU
Umeepukana na mwezi, lakini upepo unao. Ziwani mchana upepo mara nyingi unatoka majini kuja nchi kavu, ndiyo maana asubuhi unaiacha salama na saa 9 unaisikia inagonga. Tia nanga nje, kamba ndefu, na katikati ya kamba unga vipande vya mpira wa ndani wa tairi la lori, vitatu au vine, fundo kwa fundo. Ukiivuta boti kwa kamba ya nyuma mpira unanyooka, watu wanapanda. Ukiiachia, mpira wenyewe unairudisha nje. Kagua mpira kila mwezi, jua linaukausha, na pembeni yake pitisha kamba ya kawaida iliyolegea ili ukikatika boti isiende. Nguzo yako pia usiifanye ya milele. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza fukwe nyingi.

SWALI
Nanga ikinasa kwenye mwamba naikata, mwaka huu nimeshapoteza mbili. Nifanyeje?
Mvuvi, Mkokotoni

JIBU
Kwanza, penye matumbawe usitie nanga kama lipo boya la kufungia, au pakiwa na kipande cha mchanga jirani. Ukilazimika kwenye mwamba mtupu, funga kamba nyembamba kichwani mwa nanga, pale makucha yanapokutana, na mwisho wake tia kidumu kitupu kielee. Ikinasa, usivute kwa omo. Nenda kwenye kidumu, vuta kutoka upande wa pili, itoke kinyumenyume kama ilivyoingia. Ikikataa, kaza kamba fupi maji yakiwa yanajaa, kaa kwenye omo na kisu mkononi endapo omo litazama kupita kiasi, na subiri nusu saa. Mara nyingi maji yanayopanda yanaing'oa yenyewe.