Wavu wa kuku haumzuii kicheche

Mwanangu,

Salamu kutoka Sengerema, sote tu wazima. Ujumbe wako nimeusoma na picha nimeziangalia moja moja. Unauliza kama nyavu kuukuu zilizobaki kwenye stoo ya babu yako hapo Igombe zinatosha kuziba madirisha, sasa stoo imegeuka banda, au ununue wavu mwingine, maana umeshakuta kuku wamekufa na vichwa hawana.

Nianze na hao wasio na vichwa. Kuku yuko palepale alipolala, mwili mzima, mlango umefungwa. Basi huyo mnyama huenda hakuingia kabisa. Angalia picha yako: fito za kulalia umeziegemeza dirishani. Kuku analala shingo ikigusa wavu, kicheche anakamata kichwa kupitia wavu usiku, anakula kinachotokeza nje. Angeingia ndani ungekuta wengi wameng'atwa shingo, kwa sababu kuku wakianza kurukaruka naye haachi kuua. Angekuwa chatu usingekuta mzoga, ungehesabu tu na kukosa mmoja. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, hamisha fito ziwe katikati ya banda, mbali na kila ukuta.

Nyavu za samaki, hapana, si madirishani. Panya anatafuna nailoni bila shida, na tundu la panya kicheche anajua kulipanua. Zitandaze juu ya uwanja wa kuku kwa ajili ya mwewe, hapo zinafaa sana. Na huo wavu wa matundu ya pembe sita uliopo sasa kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mbwa mwenye njaa anaurarua. Nunua ule uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi. Usiupigilie kwa misumari ya kukunja. Bana kingo zake kati ya fremu na ubao mwembamba, kisha kaza kwa skrubu. Bei itakuuma, lakini ni madirisha mawili tu.

Halafu ingia ndani saa sita mchana, funga mlango, ngoja macho yazoee giza. Kila unapoona mwanga, weka alama ya chaki. Najua utakapoweka nyingi: juu ya ukuta, pale migongo ya bati inapokaa kwenye mbao, na chini ya mlango. Kanu, yule wa madoa na mkia wenye pete, kichwa chake kikipita mwili unafuata. Ziba kwa vipande vya wavu, si kwa saruji kila mahali, maana banda lisilopumua linajaa harufu ya mkojo inayowasha macho, na kuku wanaanza kukohoa. Chini ya mlango pigilia ubao. Komeo liwe na kufuli. Wezi wengine wana miguu miwili.

Sakafu ya ndani ni ya zege, haichimbiki. Kwenye uwanja wa nje usihangaike na mtaro wa kufukia wavu, hapo jembe likishuka kidogo linagonga jiwe. Laza wavu chini kuelekea nje, upana wa futi moja na nusu, uufunge na ule wa uzio, upakie mawe juu. Mnyama anachimba palepale uzio unapoanzia. Akikuta wavu anahangaika hapohapo, hafikirii kurudi nyuma.

Chakula kilichobaki kiondoe bandani jioni. Pumba zikilala bandani zinaita panya, na panya wanaita nyoka. Mayai okota mapema, kwa kuwa hapo mko karibu na ziwa na kenge anatembea mchana kweupe. Siafu ndio hawana dawa ya wavu: ukisikia kuku wanalia usiku na ukuta unatembea, fungua mlango watoke, mengine kesho.

Na chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku wanaouita pia kideri, usiisahau kwa sababu ya haya yote. Tone la jichoni, kila miezi mitatu.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 sina tena kisingizio cha kivuko, kwa hiyo Jumamosi nakuja na drili. Pima madirisha, urefu na upana, unitumie leo. Mama yako anasema tetea mmoja wa kuchi, ile mbegu ya kuku warefu, ni wake, nisirudi bila yeye.

Baba yako