Ampu ndogo ya valvu kwa nyumba ya kupanga: chagua kwa sauti unayoitaka na umeme ulionao

Mkuu, nimelielewa swali lako hivi: umepanga chumba na sebule Sinza, ukuta mmoja na majirani, unapiga solo za dansi na siku nyingine bluzi yenye mkwaruzo kidogo. Unatafuta ampu ya gitaa ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista, ya kupigia nyumbani na kurekodia kwenye laptop. Umeshaona mbili. Ya kwanza ni ya wati 15 iliyotoka Marekani, nyuma imeandikwa 120V 60Hz, na bei yake imeshuka sana. Ya pili ni ya wati 5, 230V, bei imechangamka kidogo. Mimi ningechukua ya wati 5, lakini sababu yangu si ile ya "wati 15 ni kelele mno kwa nyumbani" ambayo umeshaambiwa na kila mtu.

Nguvu ya ampu ikizidishwa mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Ili sikio lako likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara 10. Kati ya wati 5 na wati 15 kuna desibeli kama 5 tu, na hizo hazitamwokoa jirani, atagonga mlango kwa zote mbili. Spika ya kawaida ya gitaa ya inchi 12 ina usikivu wa desibeli 97 hivi, maana yake ukiipa wati 1 tu, ukikaa mita moja unapokea desibeli 97. Maongezi ya sebuleni ni kama 60. Kwa hiyo hata ampu ya wati 1 ikifunguliwa mpaka mwisho, nyumba nzima inakusikia, na mwenye nyumba pia.

Ndiyo maana nasema jiulize kwanza unataka sauti gani. Sikiliza magitaa ya Msondo au ya Sikinde: solo, second solo na rhythm zinapishana, na kila noti imesimama peke yake, safi, haina ukungu. Sauti ile haihitaji valvu ilie kwa kulemewa. Ukiipiga sebuleni kwa kiasi cha kutowasumbua watu, ampu inatoa sehemu ndogo tu ya wati 1, na hapo ya wati 5 inabaki safi kabisa. Wati 15 zingekufaa siku ukienda kupiga na mpiga drams, kwa sababu ya wati 5 ingeanza kukwaruza mapema kabla hujamfikia.

Bluzi ndiyo yenye kazi. Mkwaruzo unaweza kuupata kwenye valvu ndogo za mwanzo, zile 12AX7 ambazo Waingereza huziita ECC83, na huo unapatikana hata kwa sauti ya chini ampu ikiwa na vidhibiti viwili, geini ya kuzisukuma valvu hizo na masta ya kupunguza sauti inayotoka. Lakini ule mkwaruzo mnene unaoitikia mkono, ukigusa nyuzi taratibu unasafika na ukikaza unanguruma, unatoka pia kwenye valvu ya nguvu ikisukumwa, iwe EL84 au 6V6. Kuisukuma nyumbani kunataka ampu yenye swichi ya kupunguza wati. Bugera V5 inashuka kutoka 5 hadi 1 hadi 0.1. Marshall DSL5 inashuka kutoka 5 hadi 0.5, na ndugu yake DSL1 kutoka 1 hadi 0.1. Ukiwa na swichi hiyo, hasa inayofika 0.1, bluzi yako inawezekana saa tatu usiku kwa ugomvi mdogo zaidi. Vox AC4 ya wati 4 ina sauti nzuri sana ya EL84, inang'aa na kulia kama kengele, naipenda kwa solo za dansi, ila kama si lile toleo la AC4TV lenye swichi ya kupunguza wati, ukitaka mkwaruzo wa valvu yake ya nguvu utapiga kelele. Fender Blues Junior ya wati 15 ni ampu nzuri mno, na ungekuwa na nyumba yako yenye uwanja ningekushauri uichukue.

Spika usiisahau. Ampu mbili za wati 5, moja ikiwa na spika ya desibeli 91 na nyingine ya 97, zinatofautiana kwa desibeli 6, na hiyo ni sawa na kuzidisha nguvu mara nne. Spika ya inchi 8 pia inabana besi, na katika chumba kidogo chenye kuta za tofali na sakafu ya vigae huo si upungufu, kwa sababu besi ndiyo inayozunguka ukutani na kuharibu rekodi. Hakikisha tu ampu ina tundu la spika ya nje, ili siku moja uiunge na kabati la inchi 12 uone inavyobadilika. Omu, yaani ukinzani wa spika, zilingane: tundu la omu 8 lipate spika ya omu 8. Na usiwashe kabisa ampu ya valvu bila spika. Transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua ukiwa bado unajiuliza mbona kimya.

Tuje kwenye umeme, na hapa ndipo ile ya Marekani inaponitia wasiwasi. Kwetu ni volti 230, hezi 50. Utaambiwa nenda Kariakoo ununue stepdauni, mambo yameisha. Stepdauni inashusha volti, hezi haizigusi. Transfoma iliyosukwa kwa ajili ya hezi 60 peke yake, ukiilisha hezi 50 kwa volti zile zile, chuma chake kinabeba usumaku zaidi kwa asilimia 20. Inavuta mkondo mwingi, inavuma, inachemka, na hii ni Dar, chumba chenyewe kimeshachemka kabla hujawasha kitu. Kibao cha nyuma kingekuwa kimeandikwa 50/60Hz ningekuambia chukua na stepdauni yake. Kimeandikwa 60Hz, achana nayo. Mtumba wa Uingereza ni salama zaidi kwetu, volti na hezi zinafanana na hata plagi ni ile ile ya pini tatu bapa.

Hata ukiwa na ampu ya 230V, umeme wa ukutani haukai hapo. Kwangu Tabata jioni watu wakirudi kupika, mita ya ukutani huwa inaonyesha kama 200. Ampu hizi ndogo nyingi hazina kitu ndani cha kusawazisha volti, kwa hiyo kila kitu kinashuka pamoja: moto wa valvu, yaani umeme wa kuipasha joto, uliotakiwa uwe volti 6.3 unakuwa 5.5, na sauti inalegea, inapoteza ncha. Wapo wanaoipenda hivyo. Mimi siipendi kwenye solo, na valvu zenyewe hazipendi kufanya kazi na moto hafifu. Stebilaiza ndogo inatatua, lakini sikiliza kwanza: zile za relei zinapiga "tak" kila zinapobadilisha hatua, na hiyo "tak" inaingia kwenye rekodi. Kwa hiyo mimi huiwasha wakati wa mazoezi, na kurekodi nafanya usiku sana umeme ukiwa umetulia. Friji gadi nayo ni ya lazima, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, inasubiri kwanza kabla ya kupitisha. Kama una inveta ya nyumbani, iwe ya wimbi safi (pure sine wave). Zile za bei rahisi zinaleta mlio wa nyuki kwenye ampu, na hakuna kitufe cha ampu kitakachouondoa.

Na eathi, mkuu. Nyumba nyingi za kupanga soketi ina tundu la tatu ambalo nyuma yake halijaungwa popote. Ampu inavuma, halafu anatokea mtu anakushauri ukate pini ya eathi kwenye plagi ili mvumo uishe. Usikubali hata kidogo. Ndani ya kaboksi kale ka wati 5 kuna volti 300 na zaidi, na zikivujia kwenye chuma, nyuzi za gitaa lako ndizo njia yake ya kwenda chini, kupitia mikono yako. Mwite fundi wa umeme achimbie eathi halisi. Kwa sababu hiyo hiyo usifungue ampu mwenyewe hata ukiwa umeichomoa, kapasita zinabaki na chaji.

Kurekodi kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyotishana. Maiki ya dainamiki kama Shure SM57, saundi kadi yenye tundu la maiki kama Focusrite Scarlett, basi. Zima feni, maana maiki itaisikia kabla wewe hujaikumbuka. Washa ampu, iache ipate moto dakika kadhaa, kisha chukua tochi ya simu umulike kitambaa cha mbele mpaka uione spika ilipo, na katikati yake kile kifuniko cha mviringo. Weka maiki sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa. Ikilenga katikati ya kifuniko, sauti inakuwa kali, kila kucha inasikika. Isogeze taratibu kuelekea ukingo wa kifuniko huku mwenzako anapiga na wewe umevaa hedifoni. Kuna mahali ule ukali unakatika ghafla na gitaa linapata mwili. Ni sentimita 1 tu, na inazidi kazi ya vidhibiti vyote vya ampu. Solo za dansi naziacha kabla kidogo ya hapo, upande wenye mng'ao. Bluzi naipitisha hapo niende nje kidogo.

Maiki ikiwa karibu hivyo, bajaji inayopita nje haikusumbui sana, na huhitaji sauti kubwa. Wati 0.1 inajaza rekodi vizuri tu. Acha nafasi juu, mita ya programu ikifika desibeli -12 inatosha. Kama gitaa lako lina pikapu za koili moja na linavuma, geuka na kiti chako polepole mpaka mvumo upungue, na uzime taa za LED za bei rahisi zilizo karibu.

Njia ya bila spika ipo: unaunga ampu kwenye kisanduku cha mzigo (load box), kinachopokea nguvu yake badala ya spika, kama Two Notes Captor cha omu sahihi, na programu kwenye laptop inaiga kabati. Inafaa sana mwenye mtoto mchanga ndani. Lakini usichukue waya kutoka tundu la spika kuupeleka moja kwa moja kwenye saundi kadi, unaweza kuua vyote viwili.

Na kama sauti safi ndiyo yote unayoitaka, sitakuficha, ampu ya transista haina aibu. Roland JC-120 imekuwa mfano wa sauti safi tangu 1975, na ina wadogo zake wa nyumbani. Nimekujibu kuhusu valvu kwa sababu umetaja bluzi.

Ukienda kuiangalia hiyo ya wati 5, usianze kupiga. Iwashe bila gitaa, isubiri ipate moto, fungua sauti yote. Mvumo mdogo na "shhh" kidogo ni kawaida, mvumo unaotikisa kabati ni kapasita zilizochoka na hiyo ni gharama ya fundi, ipunguze kwenye bei. Gonga kila valvu taratibu na penseli: ikilia "ting" kubwa inayoendelea kwenye spika, ibadilishwe. Zungusha kila kidhibiti, kikikwaruza huenda ni chumvi ya hewa yetu ya pwani, spirei ya kusafishia inatosha. Soma kibao cha nyuma mwenyewe, usisomewe. Mwisho muulize kama ana valvu za akiba, ya nguvu moja na ndogo ya mwanzo moja, ziingie kwenye bei hiyo hiyo, kisha ndipo utoe gitaa kwenye begi.