Mapishi 2,314 kwenye simu, na keki ikaungua

Wiki iliyopita niliweka picha ya keki ya machungwa, imetoka kwenye oveni imetulia, haina ufa hata mmoja, na chini yake nikaandika kwa maringo kidogo kwamba siku hizi nina mapishi 61 tu kwenye simu. Nilidhani mtasifia keki. Badala yake msomaji mmoja akaniandikia: "Dada, mimi nimehifadhi zaidi ya elfu tatu, mengine sijayafungua tangu siku hiyo. Nipe njia ya kuyapanga."

Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikaona jibu lile halitoshi. Kilichonigusa ni neno la mwisho, kuyapanga. Mimi nami nilianzia hapo hapo, na hapo ndipo nilipopotea.

Turudi nyuma mwaka mmoja na ushei. Wifi yangu alikuwa anatimiza miaka arobaini, na kwa mdomo wangu mwenyewe nikajitolea kuoka keki. Tena si keki yoyote: ile ya machungwa niliyowahi kuioka mara moja watu wakakomba sahani. Siku yenyewe niliingia jikoni mapema. Mayai mezani, siagi inalainika kwenye bakuli, machungwa nimeshayakwangua maganda. Nikachukua simu nifungue pishi.

Halionekani. Nilianza na alamisho za Chrome, nikateremka weee mpaka kidole kikachoka. Nikaingia Instagram, maana tangu walipoleta kitufe cha kuhifadhi mwishoni mwa 2016 nilikuwa nakibonyeza kama vile nalipwa. Nikaenda Pinterest, kwenye ubao nilioupa jina "Keki", halafu "Keki nzuri", halafu "Keki za kujaribu". Nikaenda YouTube kwenye orodha ya kutazama baadaye. Nikaingia WhatsApp, kule ninakojitumia ujumbe mwenyewe. Zikabaki skrinishoti, mia sita na kitu, nusu yake zimekatwa pabaya: unaona picha ya keki, unaona neno "Mahitaji", na hapo hapo picha inaishia. Kidole gumba kimejaa siagi, simu haikitambui, na siagi ya kwenye bakuli imeshaanza kuwa mafuta.

Nilipolipata, baada ya kama dakika arobaini, nikabonyeza linki. Ukurasa haupo.

Basi nikachukua keki nyingine ya machungwa, ya kwanza iliyojitokeza. Maelekezo yalisema oveni iwe 350. Oveni yangu mwisho wake ni 250. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza. Mimi nikazungusha kitasa mpaka mwisho, nikajiambia kwa kuwa moto haujafika kiwango basi nitaiacha ndani muda mrefu zaidi. Kumbe ile 350 ni ya Farenhaiti, yaani kama 180 ya Selisiasi. Keki ikatoka juu mkaa, katikati uji. Nikakwangua nilichoweza, nikaifunika krimu, nikaipeleka hivyo hivyo.

Wifi akala kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu, akasema mbele ya watu wote, "Huyu ni mpishi wa kwenye simu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini ile sauti yake ninayo mpaka leo.

Usiku ule ule nikaanza kupanga. Nilipanga kwa hasira, na hasira ina nguvu kweli. Nilitengeneza folda 62. "Kuku." "Kuku wa haraka." "Kuku wa wageni." Nikazipa rangi. Jioni tatu mfululizo watoto walikula mkate na mayai ili mama yao apate nafasi ya kupanga mapishi, na wala sikuona ajabu yoyote. Siku ya nne nikafungua folda ya supu nichague ya usiku. Zilikuwemo supu 118. Nikaifunga, nikapika ile ninayoijua kwa kichwa.

Ndugu yangu uliyeniandikia, usipange chochote kwanza. Toa. Ukipanga vitu elfu tatu utapata vitu elfu tatu vilivyopangwa, na njaa iko pale pale.

Kilichonisaidia ni swali moja, nalo nimelichukua popote tu, halina ufundi: hiki nimewahi kukipika? Siyo "ninakipenda", siyo "nitakipika wageni wakija". Nimewahi kukiweka motoni mimi mwenyewe? Nilikaa na daftari nikahesabu. Yote kwa pamoja yalikuwa mapishi 2,314. Niliyowahi kuyapika yalikuwa 41.

Arobaini na moja! Nilirudia kuhesabu nikidhani nimeruka ukurasa.

Na hayo mengine yote ni nini? Hapa niseme ukweli hata kama unaniaibisha. Nilikuwa na mapishi 86 ya mikate ya chachu ya kufuga nyumbani, ile inayolishwa unga na maji kila siku kama kifaranga. Sijawahi kufuga hiyo chachu hata siku moja. Niliyahifadhi mengi usiku wa manane katika kipindi ambacho nilikuwa sina furaha, na kila nilipobonyeza nilijiona mwanamke mwingine: anaamka alfajiri, aproni safi, mkate unapasuka ukoko mezani. Kuufuta mkate wa kwanza kuliniuma. Wa kumi haukuniuma. Kufikia wa hamsini nilikuwa nafuta huku naimba.

Wiki mbili zilizofuata sitazisimulia, zilikuwa za kufuta tu.

Ila lipo jambo moja nililojifunza katika kufuta, na hili ningependa ulishike. Ulichohifadhi si pishi. Umehifadhi anwani ya mahali ambapo pishi lilikuwapo siku ile. Mwenye video akiifuta, na kwako imeondoka. Mwenye tovuti akiacha kuilipia, umebaki na picha ndogo na kichwa cha habari. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwahi kuchunguza jambo hili, na mwaka 2024 kikaeleza kwamba katika kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazifunguki tena ilipofika 2023. Na si kurasa peke yake. Yummly, programu ya mapishi yenye watumiaji wengi, ilifungwa Desemba 2024. Pocket, ambayo watu waliitumia miaka na miaka kuwekea makala za kusoma baadaye, Mozilla waliifunga Julai 2025. Waliotegemea mahali kama hapo ilibidi wapakue vyao kabla mlango haujafungwa kabisa.

Kwa hiyo lile utakaloamua kubaki nalo, linakili maneno yake. Yote, kwa mkono wako, mahali pamoja. Watu hunibishia hapa: mbona kuna programu inayovuta pishi yenyewe ukiipa linki? Ipo, nimeitumia, na hufanya kazi kwa sababu tovuti nyingi za mapishi huweka ndani yake lebo zisizoonekana, za mpango uitwao schema.org ulioanzishwa na Google, Bing na Yahoo mwaka 2011. Lebo ndizo zinazoiambia programu kwamba hiki ni kiambato, hii ni hatua, huu ni muda. Pasipo lebo, kwa mfano kwenye video fupi ambayo mpishi anamwaga unga huku muziki unapiga, programu nyingi hushindwa. Nami nimewahi kurudisha nyuma video mara kumi na moja nihesabu vijiko. Tisa, au kumi, mkono wake ulipita mbele ya kamera.

Lakini sababu yangu ya kunakili kwa mkono si hiyo. Ukiandika mwenyewe unalazimika kuelewa. Hapo ndipo unapogundua kwamba "kikombe" cha Mmarekani ni kama mililita 240 na kikombe cha vipimo vya metriki ni 250. Kwamba kijiko cha mezani cha Australia ni mililita 20 wakati kwingine kwingi ni 15, na kama pishi la kwingine linataka vijiko vinne vya kitu kikali nawe unapimia cha Australia, umeshaongeza zaidi ya kijiko kizima bila kujua. Kwamba umeambiwa utumie chombo cha sentimita 20 na wewe unacho cha 23, unasema tofauti si kitu, kumbe eneo lake ni kubwa kwa karibu theluthi moja, na ndiyo maana keki yako hutoka bapa kama kandambili. Mimi sasa naandika gramu, Selisiasi na ukubwa wa chombo. Juu kabisa, kabla ya kitu kingine, naandika moto wa oveni. Mnajua kwa nini.

Chini ya pishi naweka tarehe na kilichotokea. "Sukari punguza gramu 30." "Dakika 45 hazitoshi, weka 52." "Mtoto mdogo hakula." Mistari hii haipo kwenye tovuti yoyote duniani, na ndiyo ninayoisoma zaidi. Jina nalo naandika lile ninalolitamka nyumbani. Tovuti inaweza kuliita pishi jina refu lenye sifa sita, lakini wewe ukitafuta saa moja jioni utaandika "kuku wa limau". Basi liite kuku wa limau.

Skrinishoti nilizinusuru chache. Simu nyingi za sasa husoma maandishi yaliyomo kwenye picha, kwa hiyo unaweza kutafuta neno "unga" kwenye picha zako na zikaja. Nilitafuta, zikaja, nikanakili tatu, zilizobaki nikafuta. Usizifanye kabati. Skrinishoti ni kikaratasi cha kuandikia cha usiku mmoja tu.

Halafu niliacha nafasi ya tamaa, kwa sababu mimi si malaika. Nina orodha moja ya mapishi ninayotaka kujaribu, ina nafasi ishirini. Imejaa. Likiingia jipya, moja linatoka, na lazima nichague lipi papo hapo. Ajabu ni kwamba mara nyingi nikifikia hatua ya kuchagua, lile jipya ndilo ninaloliacha. Nikishalipika moja naamua: nitalirudia au basi. Kama ni basi, linafutwa jioni ile ile, hata kama picha yake ilinililia. Watu wananiambia huo ni ukatili. Mkatili ni yule anayelisha watoto mkate na mayai siku tatu huku ana mapishi elfu mbili. Nimeshasema, na nitasema tena: toa kwanza. Hakuna programu itakayokufanyia hilo, hakuna folda, hakuna rangi.

Sasa ile keki. Nilikuwa bado na linki yake iliyokufa, na siku moja nikakumbuka Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Unaweka anwani, na kama ukurasa uliwahi kunaswa, unaletewa ulivyokuwa. Si kila ukurasa umenaswa, nilijaribu nyingine sita zikagoma. Huu ulikuwepo. Picha zake hazikufunguka, matangazo yamebaki maboksi matupu, lakini maneno yote yalikuwa pale: gramu 225 za siagi, mayai manne, juisi ya machungwa mawili imwagwe keki ikiwa bado ya moto. Nilinakili nikiwa nimesimama.

Keki niliyoweka picha wiki iliyopita ndiyo hiyo. Wifi aliila, vipande viwili, hakusema neno la simu. Jioni akanitumia ujumbe: "Wifi, nitumie linki ya ile keki."

Nikamjibu kwamba haina linki, iko kwenye maandishi yangu, nitamtumia nikipata nafasi. Nilimtumia siku ya tatu.